Kumjibu Anayegonga

Mwadi alikuwa fundi wa kompyuta, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakubali kushindwa. Mashine ikimletea ukaidi, chakula hakishuki, mume anajibiwa kwa mkato, na simu zinaachwa ziite mpaka zichoke zenyewe. Mtaa mzima wa Kikula ulimjua hivyo na ulimvumilia, kwa sababu mashine zilizoingia kwake zilitoka zikiwaka. Kwenye ukuta wa karakana yake, kando ya soko, alikuwa ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: TUNAOSHAKA MASHINI. Katika kazi yake, kuosha mashine ni kufuta kila kilichomo kwenye diski na kuweka Windows mpya, mashine ikarudi kwa mwenyewe tupu na nyepesi kama siku ilipotoka dukani. Herufi zile zilikuwa kubwa kupita kiasi, na alizijivunia sana.

Alhamisi moja asubuhi, mabati yakiwa bado yanachuruzika mvua, aliingia mwanaume mwembamba mwenye viganja vilivyokakamaa, amebeba kitu kilichofungwa ndani ya kitenge. Alikishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua. Alikiweka mezani, akafungua fundo, akarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa kompyuta ndogo ya kukunja.

"Mama Mwadi, njo weye unaoshaka mashini?"

"Njo minye. Iko na nini?"

"Ni ya yaya wangu, Éphraïm. Alikufa mu kishimo, kule banachimbaka shaba, mwezi wa kumi. Tangu siku ile haiwake. Inaandika maneno ya Kifaransa, inanyamaza." Yaya, kwa watu wa pale, ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. "Minye ni Benoît, mudogo wake. Mama anasema bintu byote bya marehemu bioshwe mbele ya dimanche, siku ya kanisa, lufu itoke. Nguo tulishaosha. Jembe, viatu, yote. Mashini, tunaiosha na mayi? Nikaona ukuta yako."

Mwadi hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. Mambo ya lufu, yaani kifo na mkosi wake, hayachekwi. Hata watu wa kanisa lake, wanaolitaja jina la Yesu kwa kila jambo, hawavai shati la marehemu kabla halijaoshwa na kuombewa.

"Dimanche kuko nini?"

"Kupeleka mutoto mbele ya Mungu. Mutoto ya Éphraïm. Alizaliwa kisha baba yake kufa, iko na miezi mbili, na haina jina."

"Miezi mbili? Bado munamuita Bébé?"

"Bébé tu. Éphraïm aliambia bibi yake, mama ya mutoto: jina niko nayo, nitakuambia siku mutoto atazaliwa. Akaenda nayo. Bibi yake anakatala jina ingine. Mutoto analia muchana, analia usiku, titi anaachilia. Mama anasema analilia jina yake. Dimanche pasteur atamupa jina ya Biblia tu, basi. Tusimupoteze na eye."

Aliyasema yale akitazama mlango. Mwadi alimwonea huruma mtoto kuliko yule mwanaume, maana aliwahi kumwona mtoto wa dada yake akilia hivyo, na alijua nyumba inavyogeuka. Kisha akauliza swali analowauliza wote, maana ndilo linalomwepusha na ugomvi.

"Mu ndani iko kintu ya kuchunga? Foto? Makaratasi?"

"Apana. Uoshe yote."

Akaandika kwenye daftari: Marehemu Éphraïm, kuosha, Jumamosi. Benoît alipoondoka alikiacha kitenge pale pale.

*

Kazi ya nusu saa, Mwadi alijiambia. Akachomeka ufunguo wake wa USB wenye Windows, akawasha, akachagua lugha, akabonyeza mbele, mbele, mbele, kama anavyofanya mara tatu kwa siku. Mashine ikafika mahali pa kuuliza mfumo uwekwe kwenye diski gani, na orodha ikawa tupu. Chini yake kulikuwa na maandishi ya Kifaransa yaliyosema kwamba hakuna diski yoyote iliyoonekana.

Jambo hilo ni la kawaida. Diski isipoonekana, fundi mzuri hapandishi sauti, anaanza kuondoa sababu moja moja. Mwadi aliingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa ndani unaofunguka kabla ya mfumo. Saa ya mashine ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma, tarehe moja Januari. Betri ndogo ya saa, ile ya duara kama kifungo, ilikuwa imekufa, na mipangilio yote ilikuwa imevurugika. Akabadilisha betri. Akarekebisha namna mashine inavyosoma diski. Akaanzisha upya, na orodha ikabaki tupu.

Akafungua skrubu za tumbo. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu lililoshikamana kila mahali, na katikati yake chembe za kijani, zile za mawe ya shaba. Marehemu alikuwa akitoka kishimoni na kuikalia mashine hii kabla hajanawa mikono. Mwadi akaitoa diski, ya aina ya zamani yenye sahani inayozunguka ndani, akasugua meno ya dhahabu ya diski, yale yanayopitisha umeme, kwa kifutio cha mwanafunzi, akapuliza, akairudisha kwa upole. Safari hii BIOS ikaiona. Na alipofika kwenye orodha ya Windows, diski ilikuwepo, na sehemu zake mbili.

"Ulifikiri utanishinda," Mwadi akaiambia.

Akasogeza mshale kwenye neno la kufuta. Kabla kidole hakijashuka, diski ikagonga.

Ko, ko, ko. Ikapumzika. Ko, ko.

Orodha ikawa tupu tena mbele ya macho yake.

Mwadi alikuwa amesikia diski nyingi zikifa. Kichwa kinachosoma sahani kikiharibika, kinagonga, kila fundi anaijua sauti hiyo. Lakini diski inayokufa inagonga sawasawa bila kukoma, mfano wa saa ya ukutani. Hii ilikuwa inahesabu. Tatu, inanyamaza, mbili. Tatu, inanyamaza, mbili. Aliisikiliza kwa dakika nzima, kisha akachomoa waya wa umeme, na akashangaa kugundua kwamba alikuwa ameshikilia ukingo wa meza.

Alasiri akarudia kila kitu. Akaweka diski yake mwenyewe ndani ya mashine ya marehemu: ikaonekana papo hapo. Akaweka diski ya marehemu ndani ya mashine nyingine: ikaonekana, akasogeza mshale kwenye neno la kufuta, ikagonga, ikapotea. Basi tatizo lilikuwa diski, wala halikuwa kitu kingine, na hilo lilipaswa kumtuliza. Halikumtuliza. Ijumaa akajaribu tena mara nne, akihesabu. Akiiacha bila kuigusa, ilikaa kwenye orodha hata saa nzima, ikivuma kimya kimya. Mshale ukikaribia neno lile, inagonga. Mara ya nne aliusogeza mshale polepole sana huku akitazama pembeni, kana kwamba anaidanganya. Ikagonga.

"Damu ya Yesu," Mwadi akasema kwa sauti, akatoka nje kununua mahindi ya kuchoma ambayo hakuyala.

Alikuwa anaogopa, na alijichukia kwa kuogopa. Mtu aliyesoma umeme miaka mitatu, aliyefungua mashine zaidi ya elfu, anaogopa kibati kinacholingana na kiganja! Jioni ile alifunga karakana mapema kabla jua halijazama, na diski akaiacha mezani, ikiwa haina waya wowote.

*

Benoît alikuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Mwadi alikuwa ameshaandaa maneno, lakini kwanza alitaka Benoît mwenyewe aone. Akarudisha diski, akawasha, akapita hatua zote mpaka kwenye orodha.

"Unaona? Iko. Sasa minye natwala mushale huku, nataka kufuta..."

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko.

Benoît aliruka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Zima! Mama Mwadi, zima, nakulomba!"

Mwadi akazima. Yule mwanaume alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka puani, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

"Unajua hii sauti?" Mwadi akamuuliza.

Mwadi akaokota kiti, akamkalisha.

"Ni ya mu kishimo," Benoît akasema. "Shiye bacreuseurs, bachimbaji ba mikono, mwamba ikianguka, mwenye kubaki chini anatwala jiwe, anagonga. Tatu, ni kusema: niko. Anapumuzika. Mbili, ni kusema: munanisikia? Ni vile kwetu tu, kila equipe, kila kikundi, iko na yake. Minye na Éphraïm njo tulichagua hii. Minye nilishikaka kamba kule juu, eye anashuka."

"Na siku ile?"

"Alikuwa anagonga. Tulimusikia. Kisha ikaisha." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mwili bado iko mule. Matanga tulifanya na foto tu."

Mwadi akamwambia pole, na ilimtoka moyoni. Sasa alimwelewa. Kama angekuwa yeye, na sauti ile ingetoka kwenye meza ya mtu asiyemjua, angekimbia mpaka Lubumbashi.

"Sikia," akamwambia. "Hii diski ni ya kufa. Minye niko na ingine, mupya. Natia ile, naweka Windows, saa sita unaenda na mashini inawaka. Hii ya zamani, tunaitupa."

"Tusiitupe. Uivunje. Na nyundo, mbele yangu."

Lilikuwa wazo zuri. Tangu Alhamisi Mwadi hakuwahi kusikia wazo lililompendeza hivyo. Kazi ingeisha, mashine ingewaka, na hakuna ambaye angesema kwamba Mwadi ameshindwa. Akaitoa diski, akaiweka kwenye kipande cha ubao, akafungua droo ya vyombo. Alikuwa ameshaishika nyundo aliposikia kilio cha mtoto kikikaribia kutoka upande wa soko, kilio kikavu cha mtoto aliyelia mpaka sauti ikaanza kukatika.

Mwanamke aliingia bila kupiga hodi, mtoto mgongoni, viatu vimejaa matope ya barabara. Alivuta pumzi kama mtu aliyekimbia.

"Mashini ya bwana yangu iko wapi?"

"Yaya Sephora," Benoît akasema, akasimama. "Ulirudia saa ngapi?"

"Natoka kwetu Tshangalele asubuhi hii, kwa bamama bakubwa. Naangalia chini ya kitanda, mashini haiko. Mama yenu Mélanie ananiambia: Benoît aliipeleka Kikula, banaiosha." Akaigeukia meza, akaiona kompyuta imefunguliwa tumbo, akamwona Mwadi na nyundo. "Kuosha gani hii?"

Benoît akaonyesha nje, kwenye ukuta. "Mama alisema bintu bioshwe..."

"Kuosha ni pasteur kutia mafuta! Kupangusa na kitambaa, kuombea! Mama, weye unaoshaka namna gani?"

Mwadi akaiweka nyundo chini. Akaeleza, na alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopungua, kwamba pale kwake kuosha ni kufuta yote, kusibaki hata herufi moja. Miaka tisa neno lile lilikuwa limekaa ukutani kwake, na ndiyo mara ya kwanza aliona aibu nalo. Sephora alimsikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ulishafuta?"

"Apana. Nilijaribu siku mbili. Ilikatala kuonekana."

"Ilikatala," Sephora akarudia, akakaa kwenye kiti cha wateja, mtoto akilia mgongoni. "Jina ya mutoto iko mule. Éphraïm aliiandika mu mashini. Aliniambia: nimeiandika, usiende kuangalia, utaharibu. Nikamutii, na sikuambia muntu, niliogopa bataiharibu. Nilisema nitatafuta muntu wa kuitengeneza polepole, kisha dimanche ikakaribia, nikaenda kulomba bamama shauri. Na munataka kuivunja na nyundo."

Benoît akainama. "Sikujua. Mungu wangu, sikujua. Nilifikiri alienda nayo."

*

Sasa kazi ikageuka. Siku mbili Mwadi alikuwa ameitafuta diski ile ili aifute, na sasa alikuwa anaitafuta ili aiokoe. Hakuitaka tena kwenye mashine ya marehemu. Akaifunga kwenye waya wa adapta wenye vichwa viwili vya USB, ule unaoipa diski umeme wa kutosha, akauchomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Hakugusa mshale wowote. Alingoja tu.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko.

Kwenye skrini hakuna kilichotokea. Akaigeuza diski chali. Akaisimamisha kwa ubavu. Akaifunika kwa viganja ipate joto, kwa kuwa kuna diski zinazoamka zikipata joto. Ilizidi kugonga, tena kwa nguvu zaidi kuliko jana, na meza ya mbao ikaifanya sauti iwe nzito, ya chini kwa chini. Mama mmoja muuza nyanya aliyekuwa akipita alichungulia mlangoni, akaondoka upesi. Mwadi alijua jambo ambalo hakutaka kulisema: kila ikigonga, kichwa kinaparuza sahani, na ikiendelea nusu saa hakutakuwa na cha kuokoa.

"Hii sauti ni ya nini?" Sephora akauliza.

Mwadi akamtazama Benoît. Benoît akatazama sakafu.

"Benoît. Ni ya nini?"

Akamweleza. Tatu, niko. Mbili, munanisikia? Alimweleza kwa maneno machache kuliko aliyompa Mwadi, na hakuinua macho. Sephora alishika mdomo kwa mkono. Machozi yalishuka tu, akayaacha yashuke, na mtoto mgongoni akaendelea na kilio chake kikavu, na diski ikaendelea.

"Na mwenye kuwa juu," Sephora akasema, "akisikia, anafanyaka nini?"

"Anajibu."

"Anajibu namna gani?"

"Anagonga mbili ku mwamba. Njo wa chini anajua bamemusikia. Anaacha kugonga, anachunga pumuzi yake, anangojea."

"Basi umujibu."

"Yaya, hii ni mashini."

"Kama ni mashini, unaogopa nini?"

Benoît alimgeukia Mwadi, akitumaini labda mtu aliyesoma atasema upuuzi huu uishe. Mwadi alikuwa na maneno hayo tayari, yamepangwa vizuri, ya kichwa na sahani na umeme. Badala yake akafungua droo, akamkabidhi Benoît bisibisi kwa upande wa mpini.

Aliishika muda mrefu. Diski ikamaliza zamu yake. Tatu. Kimya. Mbili. Benoît akafumba macho, akagonga meza mara mbili.

Diski ikanyamaza.

Hata mtoto alinyamaza kidogo, kwa kuchoka. Kisha kutoka ndani ya kile kibati kukaja mvumo mwembamba, sahani ikianza kuzunguka, ikishika mwendo, ikitulia. Taa ndogo ya adapta ikapepesa. Kwenye skrini ya Mwadi dirisha likafunguka lenyewe, na ndani yake folda za mtu aliyekufa, zimepangwa kwa majina.

Mtikiso wa meza umekifungua kichwa kilichokwama, Mwadi akajiambia. Hutokea. Alijiambia hivyo mara tatu.

Mikono yake ilifanya kazi bila kumngoja. Akanakili kwanza, kila kitu, kwenye diski yake mwenyewe, akisukuma mstari wa kijani kwa macho usogee. Kazi za wanafunzi ambazo Éphraïm aliwaandikia tangu alipotoka chuo cha Mulungwishi na kukosa ualimu. Picha za harusi. Nyimbo za kwaya. Folda moja iliitwa Mutoto, na ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja.

"Usome weye," Mwadi akamwambia Sephora, akampisha kiti.

Sephora akamshusha mtoto mgongoni, akampakata, akasogea karibu na skrini. Alisoma polepole, kwa sauti, kidole kikifuata mistari.

"Sephora, ulishaangalia, nilijua. Kama ni binti, Mélanie, jina ya mama. Kama ni kijana, Benoît, jina ya mudogo wangu. Usibishe. Kila siku nashuka mu kishimo na sina boga, siogopake, juu eye njo anashikaka kamba. Nataka mutoto ajue kama jina yake ni ya muntu mwenye haachiliake."

Akasoma tena ule mstari wa mwisho, kimya. Kisha akacheka, cheko lililochanganyika na kilio, akambusu mtoto kichwani, akambusu tena. Miezi miwili alikuwa akibishana na ukoo mzima kwa ajili ya jambo hili. "Benoît," akasema. "Iko Benoît! Mama Mwadi, umesikia? Papa yake hakuenda nayo."

Mwadi alisema amesikia. Alifurahi kweli. Kisha akamwona yule mwanaume.

Alikuwa amerudi mpaka ukutani. Kule kwao mtu anayeshiriki jina na mtoto anaitwa majina yake, na majina ni zaidi ya mjomba au baba mdogo. Ndiye anayempakata wa kwanza na kumwita kwa lile jina, ili mtoto ajue ni lake, na tangu siku hiyo wanaitana hivyo mpaka mmoja afe: majina, majina. Hakuna anayekataa. Kukataa ni kumrudisha mtoto alikotoka.

"Kuja," Sephora akamwambia, akisimama. "Uchukue majina yako. Umuite, aache kulia."

"Yaya, tungojee dimanche. Kwa kanisa."

"Amengojea miezi mbili. Umuite."

Akamwekea mtoto mikononi. Benoît alimpokea kwa sababu asingeweza kumwacha aanguke. Mtoto alikuwa mwepesi, uso umekunjamana, ngumi zimefumba, analia bila sauti kubwa tena. Benoît akamwinua karibu na uso wake.

"Benoît," akaita.

Mtoto akanyamaza. Akafumbua macho, akayatembeza usoni kwa yule mtu mzima, akayatuliza hapo. Sephora alipiga kofi moja la furaha, akamshukuru Yesu kwa sauti, akaanza kukusanya kitenge. Benoît hakusogea. Machozi yalikuwa yanamdondokea mtoto kwenye fulana.

"Yaya Sephora. Uikale kwanza."

"Kuko nini?"

"Niliambia bantu bote kama kugonga iliisha." Alisema huku akimtazama mtoto, maana hakuweza kumtazama mwingine. "Haikuisha. Mwamba ilikuwa inalia, bantu ine ilikuwa mu ndani banachimba kumutafuta, nikaona bote batakufa. Niliogopa. Nilikuwa na kamba mu mikono, nikabaambia: haigonge tena, mutoke. Bakatoka. Éphraïm alikuwa angali anagonga, Sephora. Sikumujibu. Nikafunga kamba, nikarudia ku nyumba."

Kelele za soko ziliingia mlangoni, mtu akitangaza samaki, mwingine akigombana juu ya kipimo cha unga. Mwadi alikuwa amesimama kati yao na hakujua aweke wapi mikono. Alimngoja Sephora apige kelele, au amnyang'anye mtoto. Mwanamke yule alikaa kwenye kiti cha wateja, taratibu, kitenge kikiwa mapajani.

Benoît akanyoosha mikono kumrudishia mtoto. Sephora hakumpokea.

"Endelea kusema," akamwambia, akimtazama mtoto. "Anza asubuhi ile, usiruke kintu. Benoît iko anasikia."